Asidi Iliyokuwa Bado Hai

Baba yangu alikuwa fundi bati, na kila alipoishiwa na dawa ya kulehemu aliua asidi. Ndivyo tulivyosema nyumbani, kuua, na hakuna aliyeona ajabu. Mama alikuwa akimwambia mteja mlangoni, "Subiri kidogo, yuko nyuma anaua," na mteja mgeni alianza kutafuta kwa macho njia ya kukimbilia.

Aliiua kwa zinki. Alipasua betri kuukuu za tochi, akatoa ule mkebe wa kijivu ulio ndani, akausugua mpaka masizi yakaisha, kisha akaukata kwa mkasi vipande vidogo vya ukubwa wa ukucha. Asidi yenyewe ilikaa kwenye mtungi wa udongo wenye shingo nyembamba, kwenye kona ya uwanja nyuma ya karakana, mbali na moto. Alipovitumbukiza vile vipande, asidi iliyokuwa imetulia kama maji ya kunywa ilianza kuchemka bila jiko. Ilifoka, mtungi ukapata joto, na ukikosea upande wa upepo ulikohoa mpaka machozi. Baba aliufunika kwa kipande cha ubao kilicholegea ili gesi ipate pa kutokea, akachuchumaa, akatega sikio. Ndani ya mtungi ule kulikuwa giza na huwezi kuona kitu. Kazi yote ilikuwa ya sikio.

Nilipokuwa mdogo nilichuchumaa naye.

"Inasemaje?" aliniuliza.

"Inalalamika."

"Basi bado. Ongeza."

Niliongeza, tukangoja. Ilipofika mahali ambapo hata ukiipa zinki haisemi kitu, Baba alisimama, magoti yakalia, akasema, "Imekufa." Nilikuwa nalipenda neno hilo kuliko mengi niliyoambiwa utotoni. Lilikuwa na maana kwamba sasa tunaingia ndani, atachovya unyoya wa kuku kwenye ile dawa, ataupitisha kwenye ukingo wa bati, na chuma cha moto kikigusa risasi ya kulehemu, itakimbia mstari mzima, inang'aa. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikiangalia mstari ule ukitembea. Sijui watoto wengine walikuwa wanaangalia nini.

Siku moja nilimuuliza kwa nini tusiitumie mbichi.

"Mbichi inasafisha bati vizuri sana," alisema. "Tatizo lake haijui kuacha. Wewe umeshalehemu, umeshapokea pesa, umeshalala, yenyewe iko chini ya kiungo inakula chuma kidogo kidogo. Debe linatoka hapa linang'aa kama bibi harusi. Baada ya muda, linavuja. Iliyokufa inasafisha, unaiosha kwa maji ya moto, imekwisha habari yake."

Chuoni nilikuja kuelezwa jambo lile lile kwa lugha ya ubaoni. Zinki inaisukuma hidrojeni nje ya asidi na kukaa mahali pake, hidrojeni inatoka kama gesi, kinachobaki ni chumvi. Chuma kinaifanya kazi hiyo polepole, zinki inaifanya kwa fujo, na shaba haiwezi kabisa. Niliporudi likizo nilimpa Baba somo zima. Alinisikiliza kwa adabu, mikono mapajani.

"Kwa hiyo inayonikohoza ni hiyo hidrojeni?"

"Hapana, hidrojeni haina harufu. Kinachokukohoza ni mvuke wa asidi."

"Na ile inayolipuka fundi viatu akija hapa na sigara yake?"

"Hiyo ndiyo hidrojeni."

"Basi hiyo naipenda," alisema Baba. Fundi viatu alikuwa jirani yake ukuta kwa ukuta, na alikuwa anaazima nyundo bila kurudisha.

Nilimaliza chuo na diploma yangu ya ufundi wa maabara, nikarudi nyumbani kungojea kupangiwa shule ya kufanyia kazi. Tangu siku hiyo Baba aliacha kuniita jina langu. Nikawa Diploma. Diploma lete mkasi. Diploma, chai imepoa. Na ni wakati huo nikiwa nyumbani ndipo madebe yalipoanza kurudi.

Aliyerudisha kwa kelele kuliko wote alikuwa muuza maziwa, mwanamke wa mabega mapana ambaye yeye, na baba mkwe wake kabla yake, walinunua madebe kwa Baba. Alifika asubuhi, akalitua debe katikati ya karakana.

"Hodi, fundi."

"Karibu, mama."

"Sikaribii. Nimekuletea mtoto wako. Njia nzima anatokwa na makamasi."

Baba aliligeuza. Kwenye kiungo cha chini kulikuwa na mstari wa kutu na tundu jembamba kama la sindano.

"Bati la siku hizi ni karatasi, mama. Na risasi wanachanganya na uchafu gani sijui."

"Fundi, bati halikuja hapa kwa miguu yake. Ulilichagua wewe."

Nilimwona Baba akilipapasa lile debe kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa. "Yalete yote," alisema mwishowe. "Nakutengenezea mengine, seti nzima, bati nene, sikudai kitu."

"Na yakivuja?"

"Debe moja tu likirudi hapa linavuja, nafunga karakana hii. Nafunga, nakwenda kukaa na mke wangu."

"Usinitishe!" Mama alipaza sauti kutoka jikoni.

Muuza maziwa alicheka. Mimi sikucheka. Baba hakuwa mtu wa kutoa maneno ya bure. Aliwahi kusema anaacha sigara, akaizima aliyokuwa nayo mkononi, na hakuvuta tena. Na Baba bila karakana sikujua ni mtu gani. Nilikuwa nimemwona siku za mapumziko, akizunguka uani anatafuta kitu cha kugongagonga.

Alipoondoka kwenda kutafuta bati nene, nililichukua lile debe lililorudi nikakifungua kiungo kwa koleo. Ndani kulikuwa na ukoko wa kutu uliolowana. Nilikuwa na karatasi chache za litimasi, zile za kupimia asidi, nilizotoka nazo chuoni, na mtu asiniulize nilitoka nazo vipi. Nililowesha moja, nikaibandika pale. Ikageuka nyekundu.

Kwa hiyo haikuwa bati wala risasi. Kulikuwa na asidi hai chini ya lehemu ya Baba, yeye aliyekuwa anaua asidi tangu kabla sijazaliwa. Sikuelewa.

Nilielewa siku aliyoua dawa ya seti mpya. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa nyuma na beseni la nguo kiunoni. Baba alichuchumaa penye mtungi, sikio karibu na ubao, macho ameyafumba kama zamani. Mimi pale mlangoni nilikuwa naisikia ile asidi waziwazi, inafoka kama mafuta ya kukaangia yaliyoingia maji. Baba akasimama. Magoti yakalia.

"Imekufa," alisema.

Nilibaki na beseni langu. Miaka yote ya kugonga bati ndani ya chumba chenye paa la bati. Ilikuwa jambo la wazi kiasi kwamba nilijiona mjinga. Nikakumbuka redio inavyonguruma sebuleni. Nikakumbuka kwamba Mama siku hizi hamsemeshi Baba akiwa nyuma yake. Anazunguka kwanza, anasimama mbele yake, ndipo anafungua mdomo.

Nilimkuta Mama jikoni.

"Baba hasikii."

"Punguza sauti."

"Nipunguze ya nini, Mama? Ndiyo nakwambia hasikii."

Aliweka kisu chini. "Najua. Naishi naye."

"Asidi anaitoa kabla haijafa. Ndiyo maana madebe yanavuja. Hata haya anayoyatengeneza sasa hivi yatavuja."

Hilo hakulijua. Alikaa kwenye kigoda. "Usimwambie," alisema. "Fundi gani atakubali kuambiwa na mtoto wake kwamba hawezi tena? Atafunga."

"Na nisipomwambia, madebe yatarudi, atafunga vilevile."

"Basi ngoja kwanza."

"Tungoje nini?"

Alichukua kisu chake, akarudi kwenye kukata. Baba alipokwenda kuoga jioni, nilifanya lililokuwa jepesi. Nilikata zinki ya kujaa mkono nikaitumbukiza mtungini, ikaanza kufoka mara moja, nikaufunika, nikaingia ndani kama mwizi. Niliweka nyingi kwa sababu ya woga. Nilijiambia kwamba angalau madebe yaliyobaki yatapata dawa nzuri. Yaliyokwisha yalikuwa tayari yamepangwa ukutani, yanang'aa, na kuhusu hayo nilikuwa sijafikiria neno la kusema.

Asubuhi Baba alichovya kijiti mtungini kukoroga. Kikagusa kitu. Akakoroga tena, taratibu, kisha akainamisha mtungi kwa uangalifu mpaka vipande vya zinki vikateremkia kwenye bakuli.

"Nani kagusa mtungi wangu?"

"Mimi."

"Umeweka zinki."

"Ndiyo, Baba."

"Kwenye asidi iliyokufa."

Baba alisuuza kipande kimoja, akakiinua kwenye mwanga. Kilikuwa chembamba kama ganda la kitunguu, kingo zimechakaa, katikati kimetoboka. Alikiweka chini akachukua kingine. Nacho hivyo hivyo. Watu wanadhani fundi anajua kwa mikono tu. Baba alikuwa anajua kwa macho pia, na pale sikuhitaji kumfundisha kitu.

"Hii imeliwa," alisema. "Asidi iliyokufa haili."

Alikaa juu ya ndoo. Alitazama mtungi, akatazama mlango, kisha akanitazama mdomo wangu. Nilitambua wakati ule kwamba alikuwa ananitazama mdomo kwa muda mrefu sasa.

"Uliisikia?"

"Niliisikia."

"Ukiwa wapi?"

"Pale mlangoni."

Aliupima ule umbali kwa macho kama anavyopima bati kabla ya kulikata.

"Mama yako anajua?"

"Anajua."

"Na fundi viatu?"

"Fundi viatu kila asubuhi anakusalimia mpaka anachoka."

Baba alishika goti. "Mimi nilidhani ameacha kunisalimia," alisema polepole. "Nimemnunia muda wote huu."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikaona bora nisifanye chochote. Baba alivua aproni yake ya turubai. Aliikunja vizuri, mara mbili, akaiweka juu ya meza ya kazi.

"Nilisema nafunga."

"Ulisema likirudi. Halijarudi."

"Usinichezee maneno, Diploma."

"Sichezi. Madebe yako haya hapa, yamepangwa ukutani. Hakuna hata moja lililotoka nje ya mlango huu. Yanafunguliwa, yanaoshwa, yanalehemiwa upya. Yule mama anakuja kesho. Utakaa kwenye ndoo au utafanya kazi?"

Nilidhani sasa nimevuka mpaka.

"Nani kakufundisha kumsemesha baba yako hivyo?"

"Nimekusikia wewe na wateja wako miaka yote."

Mdomo wake ulitaka kwenda upande mmoja, akauzuia. Alichukua aproni, akaikunjua, akaivaa.

Siku ile nimeifanya kipimo changu cha siku nzuri, ingawa ilikuwa ya jasho na kukohoa. Baba alipasha viungo moto na kuvifungua kimoja kimoja. Mimi nilivisugua kwa maji ya magadi, na palipokuwa na asidi hai palitoa povu, kila kiungo bila kukosa. Baba alikuja kuangalia lile povu. Alisogeza taa karibu ili nione vizuri zaidi. Mama alichemsha maji na kulalamika kwamba sufuria zake zote zimetekwa.

Halafu ilibidi kuua dawa upya, maana iliyokuwepo isingetosha, na hapo tukakwama: mimi nangojea kuondoka, nani atasikiliza siku zote? Nikaleta wazo la kisomi: chupa kubwa ya kioo kutoka jikoni, ili Baba aone mapovu kwa macho.

"Kioo kitapasuka," alisema Baba.

"Maabara tunatumia kioo kila siku."

"Kioo chenu cha maabara. Hiki kilikuwa na jemu."

Kilipasuka. Asidi ilipopata joto, chupa ilitoa mlio mmoja na kugawanyika katikati, na uwanja ukaanza kufoka mpaka nikaumwagia magadi yote yaliyobaki. Baba alikuwa na adabu ya kutosema kitu, lakini alisimama pale akisubiri kwa muda mrefu mno ili nione kwamba hasemi.

Ni Mama aliyekuja na kigoda chake. Alikiweka upande usio na upepo, akafunga kitambaa puani, akakaa na bakuli lake la maharage ya kuchambua.

"Mimi masikio yangu mazima na hayana kazi," alisema. "Weka hiyo zinki."

Mama aliyekuwa anaichukia asidi ile tangu siku aliyoolewa! Aliyesema inamwozeshea nguo kwenye kamba! Baba alitumbukiza zinki mtungini.

"Vipi?" aliuliza, amesimama mbele yake.

"Bado!"

Akaongeza.

"Bado! Mbona una haraka?"

Akangoja, akaongeza.

"Imekufa!" alipiga kelele Mama ili asikie vizuri, na upande wa pili wa ukuta tukasikia kigoda cha fundi viatu kikianguka.

"Nani kafa?" aliita. "Jamani, nani kafa huko?"

Baba alikuwa anamtazama Mama, kwa hiyo hakujua tunacheka nini mpaka tulipomwambia. Akaenda mwenyewe mpaka mlangoni kwa jirani yake. Alichomwambia sikijui, ila walikaa huko kitambo, na aliporudi alikuwa na nyundo zake zote.

Siku hizi maziwa yanabebwa kwenye madumu ya plastiki, na ni haki, ni mepesi na hayavuji. Wanangu hawajawahi kuona mtu analehemu. Lakini nikiingia duka la vifaa vya ujenzi, pale wanapopanga chupa za asidi ya kusafishia vigae, kama kuna moja kifuniko chake kimelegea na harufu ile inatoka, nasimama. Wanangu wananivuta mkono. Nawaambia waende wakachague rangi ya ukuta, nakuja.

Muuza maziwa alikuja kesho yake, baada ya ile siku ya jasho na kukohoa, kama alivyosema. Alipitisha ukucha kwenye kila kiungo, akanusa ndani, akagonga vitako vya madebe.

"Mazuri," alisema. "Na yale ya mwanzo yalikuwa mazuri pia kwa macho."

"Ni kweli," alijibu Baba. Hakutaja bati wala risasi safari hii.

Kisha ikawa kungoja. Asidi haina haraka. Nilipangiwa shule yangu, si mbali sana, nikawa narudi nyumbani kila mwisho wa juma, na kila nikirudi nilimkuta Baba amegeuza meza yake ya kazi ili aone barabara. Ilipita mvua, likaja joto. Hakuuliza mtu, hakutaja debe. Lakini kazi mpya alikuwa hapokei. Aliwaambia watu, "Pitapita baadaye, tutaona." Mama alianza kuwa na wasiwasi.

Jumamosi moja nilikuwepo. Muuza maziwa alitokea kwenye kona, debe mkononi.

Baba alisimama. Mama alitoka jikoni, akabaki mlangoni. Yule mama aliingia akalitua debe pale pale alipolitua lile la kwanza, na kabla hajafungua mdomo Baba alilichukua, akalijaza maji mpaka juu, akatandika gazeti kavu sakafuni, akaliweka debe juu yake. Muuza maziwa alitutazama mmoja mmoja.

"Kwani kuna nini hapa? Msiba?"

Baba alilinyanyua debe, akapitisha kiganja juu ya gazeti. Akapitisha tena. Lilikuwa kavu.

"Halivuji," alisema.

"Nani kakwambia linavuja? Ng'ombe kakanyaga kifuniko, kimekuwa chapati. Nimekuja kutaka kifuniko." Alikitoa kwenye mfuko, bapa kabisa. "Unanitengenezea leo au niende?"

Alikuwa amesema hayo akiangalia debe. Baba alimngoja ageuke, akamwomba arudie. Alirudia, kwa sauti ya kutosha mtaa mzima.

Baba alikichukua kile kifuniko, akakipima kwa vidole, akafikiri.

"Leo haiwezekani, mama," alisema. "Njoo Jumatatu. Nina kazi nyingi."

Hakuwa na kazi nyingi. Alikuwa na hiyo moja tu. Alipomsindikiza mpaka nje, alirudi akaigeuza meza yake ya kazi kuelekea ndani, akaniambia nimpe mkasi.